Tupeane uzoefu: ofa ya kustaafu mapema na kazi ya kufanya baada yake

Habari zenu, ndugu. Nina umri wa miaka 54 na ni mhasibu wa kampuni binafsi hapa Dar es Salaam. Mwajiri anapunguza wafanyakazi, na kabla ya kupanga majina ametupa sisi tuliovuka miaka 50 nafasi ya kuondoka kwa hiari, tukiwa na mkono wa kwaheri wa mishahara ya miezi 12 pamoja na stahiki za kisheria. Mtoto wangu wa mwisho yuko kidato cha tatu. Naomba mliopitia hali hii mtueleze mlivyoamua, na hasa mlivyoipanga kazi ya baadaye, kwa sababu habari za mafao husemwa sana lakini maisha ya mwaka wa pili na wa tatu hayasimuliwi.

Aliyekuwa ofisa mikopo, Mwanza
Kaka, niliipokea ofa ya namna hiyo nikiwa na miaka 53. Kwanza niliigawa ile barua mafungu mawili kwa kalamu: yale ambayo ningelipwa hata kama ningepunguzwa kwa lazima, na yale ambayo mwajiri aliyaongeza ili nikubali. Malipo ya likizo ambayo hujaitumia na cheti cha utumishi ni haki yako, wala si zawadi. Kiinua mgongo nacho kimo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Kiasi hicho ni kidogo mno, kwa hiyo kinachostahili kupimwa ni ile nyongeza. Hakikisha pia kwamba barua haikuandiki kuwa umejiuzulu, kwa maana kiinua mgongo hicho hutolewa pale mwajiri anapositisha ajira. Kuhusu kazi, kabla ya kusaini nilikwisha kukubaliana na vyama viwili vya akiba na mikopo kuwa nitawapitia vitabu vyao kila mwezi, na malipo yao ndiyo yaliyonilisha hadi nilipofikisha miaka 55 na kuanza kudai pensheni.

Mwalimu mstaafu, Njombe
Sisi wa serikali hatupewi ofa, ila sheria inaturuhusu kustaafu kwa hiari tukiwa na miaka 55 badala ya kungoja 60. Nilikaa na mume wangu tukapiga hesabu ya kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni, na naiweka hapa kwa mshahara wa mfano wa shilingi 1,200,000. Mwenye utumishi wa miezi 300 huzidisha mshahara wa mwaka kwa miezi hiyo, akagawa kwa 580, akapata takriban shilingi milioni 7.45, ambayo ni pensheni kamili ya mwaka; asilimia 40 yake huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa mara moja, ndio mkupuo, kama milioni 37.2, kisha asilimia 60 iliyobaki hugawanywa kwa miezi 12, yaani shilingi 372,000 kila mwezi. Akisubiri hadi miezi 360, mshahara ukiwa uleule, mkupuo unakuwa milioni 44.7 na pensheni 447,000. Tofauti hiyo ya kila mwezi ni ya maisha yote, na ninamsihi kila mtu aitazame kabla ya kuandika barua. Mimi niliondoka kwa sababu parachichi nilizopanda nikiwa na miaka 50 zilikwisha kuanza kuzaa. Mche uliounganishwa huchukua miaka mitatu au minne, na asiyepanda akiwa bado anapokea mshahara ataula mkupuo wake huku akiingoja miti.

Fundi mitambo, Tanga
Mimi niliikataa. Nilipungukiwa na zaidi ya miaka miwili ya michango kufikisha miezi 180 inayotakiwa ili mtu alipwe pensheni ya kila mwezi, na nyongeza waliyonipa haikufikia hata nusu ya thamani ya jambo hilo. Mtoa mada, kachukue taarifa ya michango yako kwanza, maana kuna waajiri wanaokata na hawapeleki.

Mtoa mada
Nawashukuru sana. Taarifa ya michango nimeipata leo na miezi 180 nimeivuka, ila kuna miezi ya mwaka 2016 ambayo haionekani. Nimemwandikia mwajiri kwamba sitasaini mpaka michango hiyo iwasilishwe na barua itamke wazi kuwa ni upunguzaji wa wafanyakazi. Bado natafuta aliyewahi kufungua ofisi ndogo ya kuandaa hesabu za wafanyabiashara, anieleze ilimchukua muda gani kupata wateja wa kudumu.