Naomba ushauri: Break (ishara ya kukatiza inayopita kwenye laini ya serial) haifiki kwenye kompyuta ya Sun Ultra 5

Wakuu, mashine haina kibodi, hivyo konsoli (skrini na kibodi ya kuiendeshea) inahamia yenyewe ttya, yaani tundu la serial A la pini 25. Kebo, pini kwa pini: 2 kwa 2, 3 kwa 3, 5 ya DB9 (plagi ya pini 9) kwa 7 ya DB25 (ya pini 25). Msishangae, namba za kutuma na kupokea zimepishana kati ya plagi hizo. Minicom, programu ninayotumia kuongea na mashine, iko 9600 8N1 (kasi na muundo wa data), udhibiti wa mtiririko umezimwa kwa kuwa nyaya zake, RTS na CTS, hazijaungwa.

Maandishi yanatoka safi, herufi zinaingia. Ila Ctrl-A kisha F, yaani kutuma Break kwa Minicom, haileti "ok" (kidokezo cha amri cha firmware ya mashine), hata kabla Solaris, mfumo wake endeshi, haijaanza, kwa hiyo sidhani ni /etc/default/kbd, faili la Solaris linaloweza kuzima Break. Nashuku adapta ya USB kwenda serial. Nenosiri la root halijulikani, lazima niwashe kwa CD kutoka hapo kwenye "ok".

Kuna aliyeshusha kasi hadi 300 akatuma herufi tupu badala ya Break? Au ninunue adapta nyingine tu?