Saplai ya 486 imekufa kwa moshi, naomba ushauri kabla sijaibadilisha

Kijiti_cha_DOS: Wakuu, habari. Nina kompyuta ya mezani ya zamani, 486 DX2 ya megahezi 66, naitunzia magemu ya DOS. Juzi nimeiwasha baada ya kukaa kabatini miaka mingi. Imefanya kazi dakika kumi hivi, mara paa! Moshi ukatokea nyuma kwenye feni ya saplai (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), ikazima. Sasa nikiiwasha feni inashtuka kidogo halafu inasimama. Ninayo saplai ya ATX (mfumo wa baadaye) ya pini 24, ila hii ya zamani ina plagi mbili za pini sita sita. Nikate waya niunganishe? Msinicheke, kwenye umeme mimi mgeni.

Mzee_Risasi: Usikate kitu. Hizo plagi ni P8 na P9 za AT, mfumo wa zamani uliotangulia ATX. Zipo adapta za kutoka ATX kwenda AT. Ukichomeka, waya weusi wa plagi zote mbili wakae katikati, wakigusana. Ukizibadilishana unaua mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) papo hapo. Halafu swichi ya mbele kwenye AT inapitisha umeme wa ukutani wenyewe, siyo kama ya ATX, kwa hiyo usiishike ovyo.

nusu_volti: Naongezea: saplai za ATX za siku hizi hazitoi volti 5 hasi, ule waya mweupe. Mashine yenyewe itawaka, ila baadhi ya kadi za sauti za ISA (aina ya sloti za zamani) zinaihitaji.

Bi_Saketi: Jamani, mbona mnazika kabla ya kupima? Mkuu, feni ya saplai ndiyo inayovuta hewa ya kasha zima na kuitoa nje, kwa hiyo moshi kupita pale haimaanishi umetoka pale. Na feni kushtuka kisha kusimama ni dalili ya saplai inayojilinda na shoti. Chomoa waya wa ukutani, ng'oa P8 na P9, kisha weka mita kwenye omu, pima kwenye mazabodi kati ya pini ya waya wa njano na ya mweusi, halafu nyekundu na mweusi. Mita ikisoma karibu na sifuri, tafuta kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme) ya tantalamu, kale kama tone la rangi ya machungwa. Saplai yenyewe usiifungue: kapasita zake kubwa zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata ikiwa imechomolewa.

Kijiti_cha_DOS: Dada, njano na mweusi ni 0.4 omu! Na kando ya sloti ya ISA kuna katone kamekuwa keusi kama mkaa.

Bi_Saketi: Ndiko hako. Katoe, upime tena. Ukiweka kapya, kwenye njia ya volti 12, yaani ya waya wa njano, chukua ka volti 25, na alama ya chanya uirudishe ilipokuwa. Tantalamu ikigeuzwa hulipuka.

Mzee_Risasi: Hapo nimeshindwa kihalali 😀

Kijiti_cha_DOS: Nimekatoa, shoti imeisha. Saplai ile ile ya zamani imewaka, memori imehesabiwa yote. Sasa inadai tarehe na mipangilio ya diski imepotea.

nusu_volti: Hiyo ni betri inayotunza tarehe na mipangilio. Kama ni ile ya pipa iliyochomelewa kwenye mazabodi, ing'oe leo leo, maji yake hula njia za shaba. Tuwekee picha ya pale ilipo.