UKOO WA BI KIDAWA: vifuko vya watoto

Shangazi Rukia [2:05 asubuhi]: Asalaam alaykum. Jumamosi tarehe 20 Juni watoto wote kwangu, tunashona vile vifuko vya manukato vya Kichina. Sikukuu yao yenyewe, ile ya mashua za joka (Duanwu), Ijumaa tarehe 19. Kila mtoto aje na mabaki ya nguo za Idi, sindano, na karafuu kavu ukofi mmoja. Nani anakuja?

Shangazi Rukia [4:40 asubuhi]: Mmesoma nyote, kimya.

Hamad: Ukofi? Shangazi, bei ya karafuu unaijua?

Shangazi Rukia: Una mikarafuu Pemba, unanililia ukofi!

Saidi Nanjing: Huku China hutia majani makavu yenye harufu kali, na karafuu pia. Wadogo wasipewe sindano. Wakunje karatasi ngumu iwe na pembe, wazungushie uzi wa rangi tano: kijani, nyekundu, njano, nyeupe, nyeusi. Wakubwa ndio washone chui milia. Kwenye paji la uso mistari mitatu ya kulala na mmoja wa kusimama katikati.

Shangazi Rukia: [Picha] Wa Sule wangu huyu, keshamaliza.

Hamad: Chui huyo au paka wa Darajani?

Salma: 😂😂 Masharubu upande mmoja

Hamad: Kaiba samaki, kakamatwa

Shangazi Rukia: Mtoto anasoma humu! Mkasi mkubwa nani anao?

Bi Asha: Wangu usitajwe. Tangu ile harusi umerudi umekatiwa waya.

Salma: Bi Asha, si mimi jamani

Bi Asha: Sikumtaja mtu.

Shangazi Rukia: Yale yalikwisha.

Bi Asha: Mliyamaliza nyinyi.

Nasra: Bibi anauliza, vifuko hivyo vinavaliwa wapi?

Saidi Nanjing: Shikamoo Bibi. Watoto huvishwa shingoni au kiunoni. Wazee wa huku waliamini vinafukuza maradhi na wadudu wa msimu wa joto.

Nasra: Bibi kasema niandike hivi hivi: "Madaktari wa Kichina tunao tangu 1964, sijamwona hata mmoja kavaa kifuko. Mjukuu wangu hatundikwi kitu shingoni. Hirizi ni hirizi, hata ikishonwa kwa satini."

Shangazi Rukia [12:20 jioni]: Bibi, tukivitia kabatini penye nguo, je?

Nasra: Yuko kwenye mswala.

Hamad: Sasa karafuu nilete nisilete?

Shangazi Rukia: Lete.

Bi Asha: Mimi Jumamosi nina shughuli Bububu.

Mama Haitham [4:50 usiku]: Samahani ndio naona. Wangu watatu wanakuja. Ni Jumamosi hii?