Nani amesema foleni ya Kasumbalesa ni mapumziko?

Ndugu zangu madereva, nina hasira hata vidole vinanitetemeka. Yule bwana wa ofisini, ambaye hakuna dereva wa Lubumbashi asiyeijua kalamu yake nyekundu, leo asubuhi ameukata ukurasa wangu wa daftari la safari, tunamoandika saa za kazi na za mapumziko, mbele ya madereva wapya anaowafundisha, kisha akatamka kwa sauti iliyosikika hadi Likasi: "Foleni ni mapumziko. Mtu aliyekaa hafanyi kazi."

Mtu aliyekaa! Nilikuwa Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, na mzigo wa shaba, mguu kwenye breki usiku kucha, kwa maana ukiacha nafasi ya kupita mbuzi mmoja, lori la jirani limekwisha kuingia; na jicho halibanduki kwenye kioo cha pembeni, kwa sababu ya wale wanaopanda trela gizani na kukata kamba za turubai. Saa hizo zote nilizichora katika mstari wa kazi bila kuendesha, nikaandika chini yake mahali na sababu: Kasumbalesa, kungojea forodha. Akazipiga mstari mwekundu, akazihamishia kwenye mapumziko!

Karatasi anayofundishia ni ile ya Marekani yenye mistari minne: mapumziko, kitanda cha ndani ya lori, kuendesha, na kazi bila kuendesha. Huko dereva wa mizigo huendesha saa 11 tu baada ya kupumzika saa 10 mfululizo, tena ndani ya saa 14 tangu aanze kazi. Ukiiita foleni mapumziko, aliyekesha atasomeka kwamba amelala, na asubuhi atapewa barabara huku akisinzia. Hilo ndilo analowafundisha vijana. Mtu aliyekaa!

Shaba Nzito: Pole sana, kaka. Hata Ulaya, kungojea mpakani kwa muda unaojulikana mapema kuna alama yake kwenye kifaa cha kurekodi saa za dereva, kisanduku chenye mstari wa mshazari. Alama ya kitanda ni ya mapumziko peke yake. Bwana huyo mimi aliwahi kuniambia kwamba kukagua matairi si kazi, ni kuliamkia lori.

Mpita Njia: Ukurasa mmoja umekatwa, nawe umetuandikia kurasa tatu za kilio. Ungeyachukua tu hayo mapumziko uliyopewa, ukalale.

Mwenye uzi: Nikalale nani asogeze lori? Hukuwapo alipotamka maneno yale, nao vijana wanacheka.

Breki ya Mkono: Kalamu nyekundu ni afadhali. Kwetu tunaamriwa kujaza kwa penseli, ili jioni mkubwa afute mwenyewe na kuandika saa anazozitaka yeye.

Mama wa Trela: Penseli mnayo? Sisi daftari hufungiwa kabatini hadi Jumamosi, kisha tunajaza wiki nzima kwa mkupuo mmoja, kila mtu akimwuliza mwenzake Jumanne alilala wapi.

Shaba Nzito: Hilo la kabati ni baya kuliko yote. Saa zinaandikwa pale pale kazi inapobadilika, si siku nne baadaye.

Breki ya Mkono: Daftari lenyewe ananunua nani? Sisi tunakatwa kwenye mshahara.

Mama wa Trela: Hata sisi tunakatwa, na karatasi zake ni nyepesi, wino unatokea upande wa pili. Mwenye kujua duka la pale soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, linalouza yenye karatasi nzito aniambie kabla ya Jumatatu.