Tupeane uzoefu: namba za kisayansi zinawakwamisha watu wapi?

Mtwara Kuchele:
Wadau wa hesabu wa Mtwara na Lindi, tuweke hapa makosa yanayojirudia kwenye A × 10ⁿ, ile A inayoanzia 1 lakini haifiki 10. Naanza na gesi, maana huku kwetu ndiyo inayotajwa kila siku. Makadirio ya nchi nzima ni futi za ujazo trilioni 57. Trilioni ni 10¹², kwa hiyo 57 × 10¹², ila 57 imevuka 10, basi iandikwe 5.7 × 10¹³. Kupata mita za ujazo zidisha kwa 0.0283, yaani 2.83 × 10⁻². Namba kwa namba: 5.7 × 2.83 = 16.131. Vipeo, yaani zile namba ndogo za juu ya 10, vinajumlishwa: 13 + (−2) = 11. Wengi wanaweka kalamu chini hapo, 16.131 × 10¹¹. Bado! Nukta irudi kushoto mara moja, kipeo kiongezeke kimoja: 1.6 × 10¹². Nimebakiza tarakimu mbili kwa sababu 57 ina mbili tu.

Mwalimu wa Ligula:
Naunga mkono. Maksi nyingi zinapotelea hapo kwenye 16.

Mng'oko:
Kanuni ni moja: nukta ikienda kushoto kipeo chanya, ikienda kulia kipeo hasi. Basi.

Mikindani:
Hapana mjomba, hiyo ndiyo inayowaangusha. Chukua 0.45 × 10⁻³. Nukta inakwenda kulia mara moja. Mwenye kanuni yako anaandika 10⁻¹, na ile −3 ameshaisahau. Mwingine anaipeleka −3 upande usio wake, anapata 10⁻². Jibu ni 4.5 × 10⁻⁴. A imekua mara kumi, kwa hiyo kipeo lazima kishuke kimoja ili thamani ibaki ileile.

Mng'oko:
Mtoto wa kidato cha kwanza ukimwambia "thamani ibaki ileile" anakukodolea macho. Aanze na kushoto na kulia, maana itakuja.

Mikindani:
Haiji. Anafika kidato cha nne bado anahesabu vituo vya nukta kwa kidole.

Fundi Stationery, Masasi:
Samahani nawakatiza, kuna balaa kubwa kuliko hilo. Orodha ya wakulima wa korosho inachapwa kwenye Excel, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) ina tarakimu 20, mchapaji anaiweka bila vistari. Seli inaonyesha kitu kama 1.98E+19. Anadhani safu ni nyembamba tu, anaipanua, anabadilisha iwe Number, tarakimu zote 20 zinatokea, anafurahi. Angalia mwisho wake: tano za mwisho zote ni sifuri! Excel inashika tarakimu 15 tu, zilizobaki inazifuta. Wakulima wawili waliotofautiana mwishoni tu wanageuka namba moja. Hiyo E+19 si urembo, ni × 10¹⁹, yaani Excel imeichukua NIDA kama kiasi cha kukokotoa. NIDA ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Teua safu nzima, iweke Text KABLA ya kuchapa au kupesti, au tanguliza alama ya ' kwenye kila namba.

Bi Mingoyo:
Kaka, na namba za simu je? Zangu zinatoka 2.557E+11.

Fundi Stationery, Masasi:
Hizo ziko salama dada, 255 na kuendelea ni tarakimu 12, hazifiki 15. Weka Number, desimali sifuri, zitarudi zote.

Bi Mingoyo:
Na faili la NIDA lililokwishahifadhiwa hivyo?

Fundi Stationery, Masasi:
Halina dawa. Rudini kwenye fomu za karatasi, mchape upya.

Mwalimu wa Ligula:
Turudi darasani. Kujumlisha: vipeo vilingane kwanza. 3.2 × 10⁵ + 4.1 × 10⁴ ni (3.2 + 0.41) × 10⁵ = 3.61 × 10⁵. Anayeandika 7.3 × 10⁹ amechanganya kujumlisha na kuzidisha.

Mzee wa Tendaguru:
Nyongeza hapo. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa kwetu Lindi kuanzia 1909 hadi 1913, ikapelekwa Berlin, ina umri wa miaka kama 1.5 × 10⁸. Tangu ichimbwe imepita miaka mia na kitu, tuseme 1 × 10². Ukilinganisha vipeo, hiyo ni 0.000001 × 10⁸. Jumla inabaki 1.5 × 10⁸. Si uvivu wa kukokotoa: ile 1.5 yenyewe haijapimwa hadi mwaka mmojammoja.

Mng'oko:
Hapo nimekuelewa, mzee.

Kidato cha Sita, Ndanda:
Kwenye kipeuo cha pili (√), kipeo cha kumi kiwe shufwa kwanza. √(4.5 × 10⁻³) andika √(45 × 10⁻⁴) = 6.708 × 10⁻². Ukikimbilia kugawa −3 kwa 2 umekwama.

Mikindani:
Kikokotoo nacho: kuingiza 6.02 × 10²³ bonyeza 6.02, kitufe cha EXP, 23. Ukibonyeza 6.02 × 10 EXP 23 unapata 6.02 × 10²⁴, maana EXP tayari imebeba ile kumi. Na anayechapa 6 × 10^3 ÷ 2 × 10^−4 bila mabano anapata 0.3. Mashine inagawa kwa 2 kisha inazidisha. Jibu ni 3 × 10⁷.

Mwalimu wa Ligula:
Ndiyo maana mimi nasema kikokotoo kikae mkobani mpaka wakadirie vipeo kichwani: 3 toa −4 ni 7.

Bi Mingoyo:
Mimi nasema wapewe mapema, wakosee nacho darasani.