Buli la fedha la kale: lenye chapa ya simba au la EPNS?

Mja_Langoni
Assalaam aleikum. Nimeonyeshwa mabuli mawili ya kale hapa Amu, yote nakshi ya maua mwili mzima. Moja muuzaji asema ni fedha tupu, elfu 38. La pili limeandikwa EPNS kitakoni, elfu 9. Ataka jibu Ijumaa. Nichukue lipi?

SonaraMkongwe
Waleikum salaam. Uzito? Chapa zipi? La kutilia chai au la kabatini? Hujasema hata moja, ndugu. EPNS ni shaba, zinki na nikeli, kisha ikachovywa fedha kwa umeme. Tazama ncha ya mdomo, miguu na migongo ya maua: hapo ndipo fedha huisha kwanza, ikatokea rangi ya manjano iliyopauka.

Mja_Langoni
Lile la fedha ni gramu 480. Lina simba, nanga na herufi iliyofutika. La kutilia chai.

Bi_Shela
Simba awe anatembea, mguu wa mbele juu. Hiyo ni 925 ya Uingereza, yaani fedha sehemu 925 katika 1000. Nanga ni mji wa Birmingham, ndiko ilikopimwa fedha. Ila kuna wanaokata chapa kwenye kijiko kilichovunjika na kuilehemu kitakoni. Puliza pumzi hapo: kama kipande kimepachikwa, ukungu utachora mstari wa kiungo.

Mkomani_Kale
Chai ipi lakini? Ya maziwa usitie humo, nakshi ya mdomoni haisuguliki kwa ndani. Mai ya moto na majani, dakika nne, basi. Na jikoni lisipande kabisa.

Malindi_Maweni
Chukua la EPNS ulale usingizi. La fedha likishawahi kutengenezwa ovyo ni hasara. Kuna buli lililetwa huku, mdomo umelegea, fundi wa kwanza alikuwa ameuziba kwa risasi. Fundi wa pili hakukwangua, akawasha gesi ili alehemu kwa fedha. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327, fedha haijaanza hata kuwa nyekundu. Ikaingia ndani ya fedha na kuila. Mdomo ukatoka na mashimo matatu kama ya sindano. Risasi yote ilitakiwa ikwanguliwe hadi chembe ya mwisho kabla ya moto. Mja, angalia kiungo cha mdomo na cha mkono: donge la kijivu linalochorwa kwa ukucha ni risasi. Chai ya ndimu humo usithubutu.

SonaraMkongwe
Hiyo ni kasoro ya fundi, si ya fedha. Mja, pima kwa maji. Ndoo ya lita 3 yenye maji juu ya mizani inayosoma gramu moja, rudisha mizani kwenye sifuri, ning'iniza buli kwa uzi lizame lote bila kugusa chini. Mizani ikiongezeka kama gramu 46, ni fedha. Ikifika 55, ni nikeli, yaani EPNS.

Mja_Langoni
Muuzaji amekubali tupime. Imesoma 61.

Malindi_Maweni
😂 Elfu 38!

SonaraMkongwe
Pole pole. 61 imepita hata nikeli, kwa hiyo kuna hewa. Mkono ni wa chuma ulio wazi ndani?

Mja_Langoni
Ndiyo, na una vipete viwili vyeupe, juu na chini.

Bi_Shela
Hivyo ni vya kuzuia joto lisifike mkononi. Mfupa au pembe? Mfupa una vitobo vidogo vyeusi. Ikiwa ni pembe ya ndovu, kwa Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 kuimiliki bila kibali ni kosa. Hapo uzito wa fedha hauna maana tena.

Mkomani_Kale
Kwani mwaita buli? Lile lenye mdomo mrefu si dele?

Bi_Shela
Dele la kahawa, bwana! La chai ni buli.

Mkomani_Kale
Na samawari?

SonaraMkongwe
Samawari ina moto tumboni. Mja, kifuniko chachomoka kwenye bawaba? Kipime hicho peke yake, bila mkono wenye hewa.

Mja_Langoni
Pini imeshika kutu. Muuzaji hataki iguswe.