Nimekutwa na endometriosisi na ukweni wanasubiri mjukuu: nianze vidonge au nitafute mimba kwanza?

BintiMkwakwani:
Habari za jioni wapendwa. Nina miaka 29, naishi Dar, nimeolewa, sijapata mtoto. Tangu sekondari, siku zangu zikikaribia naandaa kanga ya kufungia tumbo na diklofenaki. Nyumbani walisema ni chango, nikanyweshwa mizizi ya kila aina. Mwaka huu maumivu yamezidi, yanakuja hata kwenye tendo, na nikiwa hedhini haja kubwa ni kilio. Daktari wa wanawake kanipiga ultrasaundi, kaona uvimbe wa sentimita 4 kwenye ovari ya kushoto, umejaa damu nzito ya zamani. Kasema ndiyo endometriosisi, yaani tishu kama za utando wa ndani ya kizazi zimeota nje yake. Kaniandikia vidonge vya homoni vya dienojesti, miligramu 2, kila siku bila kuruka, na hedhi inaweza kukata kabisa.

Sasa hedhi ikikata, mimba naitafutaje? Mama mkwe ameshaanza mafumbo. Na chakula jamani: huyu ananikataza nyama, yule ngano, mwingine maziwa. Nitabaki na maji.

NesiMstaafu:
Pole mdogo wangu. Hivyo vidonge vinatuliza maumivu na kuzuia ugonjwa usichachamae, basi. Havikuongezei nafasi ya kushika mimba, na ukiwa unavitumia kwa kawaida yai halipevuki. Ukiacha, uzazi unarudi. Kwa hiyo usiulize dawa ipi ni nzuri, jiulizeni wewe na mumeo: mnataka mtoto sasa hivi au baadaye kidogo? Kama ni sasa, mwambie daktari waziwazi, maana mpango mzima unabadilika. Kama mnaweza kusubiri, meza upumue. Mwanzoni utaona matone matone ya damu na pengine kichwa kuuma. Hasira au huzuni zikizidi, rudi kliniki.

Diklofenaki usimeze tumbo tupu, utaongeza vidonda vya tumbo juu ya haya. Hedhi ikiwa na tarehe inayoeleweka, dawa ya maumivu inafanya kazi vizuri ukiianza mapema, usingoje mpaka uanze kugaagaa. Ila mkianza kutafuta mtoto, muulize daktari kuhusu dawa za kundi hilo, zinaweza kuchelewesha yai kutoka.

DktMizizi:
Dada njoo inbox. Nina dozi ya kusafisha kizazi, chango linaisha kabisa.

Mtoto_wa_Kariakoo:
Kaka, hizo tishu zimeota NJE ya kizazi, kwenye ovari, nyuma ya kizazi, hadi kwenye utumbo. Unasafisha chumba wakati uchafu uko uani.

MamaLikoni:
Mie niko Mombasa. Kwetu wengi tuliusikia ugonjwa huu kwa marehemu Njambi Koikai, yule mtangazaji. Wake ulifika kifuani, mapafu yakawa yanasinyaa akiingia hedhi, mwaka 2018 akapelekwa Atlanta kwa upasuaji. Alifariki Juni 2024. Sisemi haya nikutishe, hali kama yake ni nadra. Ila ukiona kifua au bega la kulia linauma kila hedhi, usinyamaze.

Mie nilipasuliwa kwa matundu madogo. Nilipata nafuu kubwa, lakini ugonjwa huu hurudi, na wanaorudia kisu ni wengi. Na wewe uvimbe uko kwenye ovari: ukikwanguliwa, mayai mazima yanaweza kuondoka nao. Kabla ya kutia saini omba kipimo cha damu cha AMH, kinaonyesha akiba ya mayai, na uliza mpasuaji amezoea kesi za namna hii au la. Na atakayekwambia zaa ndio dawa, mwache. Mimba hutuliza kwa muda tu.

BabaPacha:
Shemeji, mwambie mumeo naye akapime mbegu. Mimi nilipima, tukaacha kumtazama mke wangu peke yake kama kesi. Na mafumbo ya mama ni kazi ya mtoto wake kuyajibu, wewe usihangaike nayo.

NesiMstaafu:
Chakula nilikisahau. Hakuna chakula kilichothibitishwa kuponya endometriosisi. Wapo wanaopata nafuu wakila samaki na mboga zaidi na kupunguza nyama nyekundu, na dagaa ni rahisi kuliko virutubisho vya kopo. Maziwa au ngano vikikujaza gesi, pumzika navyo kidogo uone, visipokudhuru, kula. Ninachokusisitizia ni wingi wa damu ya hedhi. Kama unatoka nyingi, kapime kama umepungukiwa damu mwilini. Mchicha na maharage kula na kipande cha limau, na chai usubiri, usishushie chakula, inazuia madini ya chuma. Chupa ya maji ya moto tumboni inasaidia kweli, si ushamba. Tembea hata jioni tu.

BintiMkwakwani:
Asanteni, Mungu awabariki. Tumekaa na mume wangu, amekubali kupima. Tumeamua nimeze kwanza nipate nguvu, maana kwa maumivu haya hata hiyo mimba tungeitafuta lini? Ila nimezunguka famasi za mtaani, hakuna anayeijua hiyo dawa.

Mtoto_wa_Kariakoo:
Mtaani utachoka. Ulizia famasi kubwa za karibu na hospitali za rufaa, taja jina la dawa yenyewe, si la kampuni, na ukaongeze kabla pakiti haijaisha. Bei zinapishana sana, piga simu kwanza.